CHETI CHA MSIMAMIZI WA USALAMA WA CHAKULA KWA NJIA YA INTANETI

(Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Siku hizi mpishi wa hoteli, mlezi wa dakhalia au mwenye mkahawa anaweza kukaa nyumbani kwake mbele ya kompyuta, na hata mbele ya simu ya mkononi, akasomea usimamizi wa usalama wa chakula hadi akatahiniwa na kupewa cheti. Zamani elimu hiyo ilimlazimu mtu kusafiri, au kungoja mkufunzi afike. Nafasi hii ni ya kheri, na kila anayeshughulikia chakula cha watu wengi anahimizwa aitumie. Hata hivyo, vyeti vinavyopatikana kwa njia hii havilingani thamani, na cheti kilicho bora kabisa hakimlindi mlaji iwapo mwenye nacho hana amri juu ya sufuria. Mambo hayo mawili ndiyo yanayozungumzwa hapa.

Inafaa kwanza ieleweke tofauti iliyopo baina ya mshika chakula na msimamizi. Mshika chakula ni kila anayekata, anayepika, anayepakua na anayeosha vyombo. Mafunzo yake ni mafupi, ya saa chache tu, nayo yanahusu kazi ya mikono yake mwenyewe. Msimamizi ni yule anayejibu kwa kazi ya mikono ya wenziwe. Yeye ndiye anayepokea samaki mlangoni na kuamua kama wataingia au watarudishwa. Ndiye anayemrejesha nyumbani mpishi mwenye kuharisha. Na ndiye atakayeulizwa na Bwana Afya kwa nini friji haina kipimajoto. Kwa sababu hiyo mtihani wake ni mrefu na masharti yake ni mazito zaidi. Mtu anayelipia mafunzo ya mshika chakula akidhani amelipia ya msimamizi atakuwa amepoteza fedha zake, na ni rahisi sana kukosea, kwani matangazo ya mafunzo hayo hufanana kama pacha.

Mfano ulio wazi wa cheti hiki unapatikana Marekani, ambako majimbo mengi yamekifanya kuwa sharti la kisheria. Mwanzoni mwa mwaka 1993 watu zaidi ya 700 waliugua katika majimbo manne ya magharibi ya nchi hiyo baada ya kula baga katika mikahawa ya Jack in the Box, na watoto 4 wakafariki dunia. Chanzo kilikuwa kijidudu kiitwacho Escherichia coli O157:H7, kilichokuwemo ndani ya nyama ya kusaga ambayo haikuiva sawasawa. Jimbo la Washington lilikuwa limekwisha kupandisha kiwango cha kupikia nyama ya aina hiyo hadi kufikia nyuzi joto 68 za Sentigredi, lakini majikoni mwa mikahawa hiyo nyama iliendelea kupikwa kwa kiwango cha chini ya hapo. Jambo la kuzingatia ni kwamba amri ilikuwapo katika karatasi. Kilichokosekana ni mtu ndani ya kila jiko anayeijua amri hiyo, anayeijua sababu yake, na mwenye uwezo wa kuizuia sahani isitoke.

Katika mwaka huohuo wa 1993, Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, inayojulikana kwa herufi FDA, ilitoa Kanuni ya Chakula. Kanuni hiyo si sheria kwa nguvu zake wenyewe, bali ni kielelezo ambacho kila jimbo hukitumia kutungia sheria yake, nayo hurekebishwa kila baada ya miaka michache. Toleo la mwaka 2017 liliagiza kwamba mwenye dhamana ya jiko wakati wa kazi awe msimamizi mwenye cheti, isipokuwa katika sehemu zenye hatari ndogo. Huko, cheti kinachokubalika ni kile kinachotokana na mtihani wa taasisi iliyothibitishwa na bodi ya ithibati iitwayo ANAB. Taasisi hizo ni kadhaa. Inayofahamika zaidi ni ServSafe, ambayo ni mpango wa chama cha kitaifa cha wenye mikahawa, na mtihani wake una maswali 90 ya kuchagua jibu. Cheti chake hudumu kwa miaka 5.

Wengi hawalitambui jambo moja, nalo ni kwamba mafunzo na mtihani ni vitu viwili mbalimbali. Mafunzo ni matayarisho, na mtu huyasoma kwa wakati wake, usiku au alfajiri, akirudia sehemu iliyomshinda. Kinacholeta cheti ni mtihani, na mtihani huo lazima uwe na msimamizi wake. Ukifanywa ukumbini, msimamizi yupo mbele ya watahiniwa. Ukifanywa nyumbani, msimamizi humwangalia mtahiniwa kupitia kamera ya kompyuta. Mtahiniwa huonyesha kitambulisho chenye picha, hukaa peke yake chumbani, wala haruhusiwi kitabu wala simu. Kwa hiyo, pale panapotolewa cheti cha msimamizi papo hapo mara tu malipo yanapopokelewa, bila ya mtihani au kwa mtihani usiokuwa na wa kuusimamia, pana sababu ya kutia shaka. Karatasi ya namna hiyo huthibitisha kwamba mtu alilipa, na pengine kwamba alisoma. Haithibitishi kwamba anajua.

Nchi hazifuati njia moja. Uingereza, kwa mfano, haimlazimishi mwenye mkahawa kuwa na cheti. Sheria yake, iliyotokana na Kanuni Namba 852 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inadai kwamba wafanyakazi wawe wamesimamiwa na kufundishwa kwa kadiri ya kazi yao, na kwamba jiko liwe na utaratibu ulioandikwa wa kutambua hatari na kuidhibiti. Dubai inakaribiana zaidi na Marekani: kila mahali panapouzwa chakula panatakiwa pawe na mtu mwenye dhamana aliyepata cheti kwa utaratibu ulioidhinishwa na mamlaka za huko. Vijana wanaotaka kwenda kufanya kazi Ghuba wanapaswa kulijua hilo kabla ya kulipia cheti cha Marekani, kwa kuwa cheti cha nchi moja hakimfungulii mtu mlango wa nchi nyengine. Hapa Zanzibar, shughuli za chakula zinaongozwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2006, chini ya usimamizi wa Wakala wa Chakula na Dawa. Cheti kilichotoka nje, hata kiwe cha daraja gani, kinaongeza elimu ya mwenye nacho. Hakichukui nafasi ya usajili wala ukaguzi unaotakiwa na sheria hiyo.

Baada ya hayo, ni vyema kutazama kinachofundishwa, kwani hapo ndipo penye faida yenyewe.

Watu wengi wamekulia katika imani kwamba moto husafisha kila kitu. Chakula kilicholala hupashwa hadi kikachemka, na mpishi akaridhika. Somo kubwa la mafunzo haya ni kwamba imani hiyo ni kweli nusu tu. Moto huwaua vijidudu wengi, na ndiyo maana kuku hutakiwa afikie nyuzi joto 74 hadi ndani kabisa ya nyama yake. Lakini wapo vijidudu ambao, kabla ya kufa, huacha sumu isiyoogopa moto. Mfano ulio karibu na kila nyumba ni wali. Mchele mbichi unaweza kuwa na mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, na mbegu hizo huvumilia maji yanayochemka. Wali au pilau ikiachwa ndani ya sufuria kubwa usiku kucha, mbegu huamka katika uvuguvugu, huongezeka na kutoa sumu. Asubuhi chakula kikipashwa, kijidudu hufa na sumu hubaki. Mlaji huanza kutapika baada ya saa chache, na lawama huangukia nyama, au husda.

Vivyo hivyo kwa jodari na jamii yake. Samaki huyo akikaa juani ndani ya chombo bila ya barafu, vijidudu hugeuza sehemu ya nyama yake kuwa histamini. Histamini haiondolewi kwa kukaanga, wala kwa kuchemsha, wala kwa kugandishwa, na samaki anaweza kuwa nayo huku rangi na harufu yake havijabadilika. Mwenye kumla huwashwa, uso humwiva wekundu, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio. Ulinzi wa samaki huyo huanzia baharini, na si jikoni. Kwa hiyo msimamizi aliyefundika huuliza lini alivuliwa na barafu ilitiwa saa ngapi, na wala hatosheki kwa kumtazama macho na mashavu. Mikono nayo ina sehemu yake. Kijidudu kiitwacho Staphylococcus hukaa puani na katika majipu na vidonda vya watu wasioonekana wagonjwa. Kikiingia katika chakula kilichokwisha kupikwa na chakula hicho kikakaa katika joto la chumbani, nacho huacha sumu isiyoondoka kwa kupashwa.

Ipo pia sumu ambayo haitokani na uchafu wa mtu yeyote. Mwezi wa Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Mwaka 2021 Pemba ilikuwa imekwisha kupoteza watu 7 kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ya kasa haiondolewi kwa kupika, na hakuna dalili ya nje inayomtofautisha kasa mwenye sumu na asiyekuwa nayo. Hapa kipimajoto hakisaidii kitu. Jambo la pekee la kufanya ni kutomla, na kasa, kama inavyojulikana, ni mnyama anayelindwa.

Mafunzo yanaweka viwango ambavyo msimamizi hana budi kuvihifadhi kichwani. Kwa Kanuni ya Chakula ya Marekani, chakula cha baridi kikae katika nyuzi joto 5 au chini yake, na cha moto katika 57 au zaidi. Shirika la Afya Duniani hutaja 60 kwa chakula cha moto, na anayechagua kiwango hicho hakosi. Kilichopikwa na kutaka kuwekwa kinatakiwa kishuke kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 nyengine. Sharti hili la kupoza ndilo linalowashinda wapishi wengi, kwa kuwa sufuria kubwa iliyofunikwa vizuri hutunza joto hadi usiku wa manane. Dawa yake haihitaji mashine. Chakula hugawanywa katika masinia au trei, kina chake kisizidi upana wa vidole vitatu, au sufuria ndogo hutiwa ndani ya beseni la maji ya barafu huku ikikorogwa. Na pale ambapo hapana friji ya kutegemewa, au umeme hukatika, njia iliyo salama ni ile ya wazee: kupika karibu na wakati wa kula, na kupika kinachotosha.

Kipimajoto chenyewe kinahitaji kuaminiwa kabla ya kutumiwa. Bilauri ijazwe barafu iliyopondwa, maji yatiwe kidogo, ncha ya kipimajoto izamishwe bila ya kugusa kioo. Kikisimama kwenye sifuri kinasema kweli. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na inashangaza jinsi majiko yenye vifaa vya thamani kubwa yanavyoweza kukaa mwaka mzima bila ya kuifanya.

Uzito wa elimu hii unaonekana katika hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kisicho salama na 420,000 kati yao hufa, na kwamba 125,000 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka mitano. Afrika ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake.

Ndugu wananchi, inabaki sehemu ya pili ya mazungumzo haya, nayo inawahusu zaidi wakuu wa kazi kuliko wasomaji wa mafunzo.

Ichukuliwe dakhalia yenye wanafunzi mia tatu. Pilau imepikwa jioni kwa ajili ya mchana wa siku ya pili, kwa kuwa mpishi mmoja ana ruhusa ya kwenda mazikoni. Asubuhi msimamizi mwenye cheti anafunua sufuria, anatia kipimajoto, na kinasoma nyuzi 38. Elimu yake inamwambia kwamba chakula hicho kimekaa usiku kucha katika joto ambalo vijidudu wanalipenda, na kwamba hakuna moto wa kukitengeneza. Kinatakiwa kumwagwa. Lakini mchele ule umetoka katika bajeti ya wiki, nyama imenunuliwa kwa saini ya mtu mwengine, watoto watataka kula saa saba, na mkuu wa skuli hakupata mafunzo yoyote. Msimamizi akiamrisha chakula kimwagwe, ataambiwa ni mharibifu. Akinyamaza, siku kumi zinaweza kupita bila ya mtu kuugua, na ya kumi na moja wakaugua wengi.

Cheti hakimpi nguvu ya kumwaga pilau ile. Nguvu hiyo hutolewa na mwajiri wake, na inatakiwa itolewe mapema, kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe kufika. Barua fupi inatosha, inayosema kwamba fulani ana mamlaka ya kukataa chakula kinachopokelewa, kuzuia chakula kisipakuliwe, na kumrejesha nyumbani mfanyakazi mgonjwa bila ya kumkata mshahara; na kwamba hasara itakayotokea kwa uamuzi wake itabebwa na ofisi na haitatoka katika mfuko wake. Sharti la mshahara si dogo. Mpishi anayejua kwamba siku ya kuharisha ni siku ya njaa nyumbani kwake hatasema kwamba anaharisha. Mkuu wa kazi anayegharamia mafunzo ya mtumishi wake na asimpe barua hiyo amenunua karatasi ya kutundika ukutani.

Huenda wapo wanaodhani kwamba kazi ya mikono haiwezi kusomwa kwa mbali. Historia inawajibu. Mwaka 1973, Tanzania Bara iliendesha kampeni ya radio iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili waliifuata. Hawakusikiliza tu. Walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, na baada ya kipindi walijadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Masomo ya intaneti yanakosa kikundi hicho, na pengo hilo linaweza kuzibwa hapa hapa. Watumishi wawili au watatu wa sehemu moja wakisoma kwa pamoja, wakashika kipimajoto siku hiyohiyo waliyosoma habari zake, na wakaliandikia jiko lao orodha ya mahali palipo na hatari, watafaidika zaidi ya aliyesoma peke yake akiwahi mtihani. Lugha nayo ni kikwazo, kwa kuwa mafunzo mengi ya aina hii yameandikwa kwa Kiingereza. Anayeielewa vyema lugha hiyo awafasirie wenziwe, hasa wale wa jikoni ambao hawatafanya mtihani wowote lakini ndio wanaopakua.

Kabla ya kulipa, mwombaji aulize mambo machache na asione haya kuyauliza. Mtihani unathibitishwa na bodi gani, na jina la taasisi linaonekana katika orodha ya bodi hiyo? Mtihani unasimamiwa vipi? Ada iliyotajwa ni ya mafunzo peke yake, au na mtihani pia, na akishindwa mara ya kwanza atalipa tena? Je, mwajiri au nchi anayokusudia kwenda inakitambua cheti hicho? Asiye na haja ya cheti bali anataka elimu, ajue kwamba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutoa masomo ya intaneti bila ya malipo, na kwamba bango la Shirika la Afya Duniani la mambo matano ya kulinda chakula, lililotolewa mwaka 2001, linaweza kutundikwa katika jiko lolote.

Kwa wale wenye vyeti tayari, tarehe ya mwisho iandikwe katika daftari la jiko, pamoja na jina la mtu wa pili atakayeshika dhamana pale msimamizi anapokuwa safarini, likizoni au mgonjwa. Matayarisho ya mtihani mpya yaanze miezi sita kabla ya tarehe hiyo. Nakala ya cheti ibaki kazini, na cheti chenyewe kibaki kwa mwenye nacho, kwa kuwa ni chake binafsi na atahama nacho siku atakapohamishwa.